Kompyuta ya sekretaria haiwaki tangu alimantasyo iungue (Goma). Fundi anasema madabodi imekufa, ni kweli?

Sekretaria_Katindo

Jambo yenu bandugu.

Nina sekretaria ndogo hapa Goma, upande wa Katindo. Tunachapa, tunaskani, tunatoa fotokopi, na kipindi hiki wanafunzi ndio wengi, wanaleta TFC zao (kazi za kumaliza masomo) tuwapangie kurasa. Mashine ninayoitegemea ni ya mezani, ya kuungwa-ungwa, haina chapa: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM mbili za 4 GB, diski ya 500 GB ya zile kubwa, na kisomea DVD ambacho siku hizi hakuna anayekigusa. Kadi ya picha haina, skrini inachomekwa moja kwa moja kwenye madabodi (ubao mkuu wa ndani). Niliiweka ijiwashe yenyewe kila kuranti (umeme) ikirudi, ili asubuhi nisipoteze muda.

Juzi mchana kuranti ikakatika, kitu cha kawaida. Iliporudi, taa za dukani zikang'aa nyeupe kupita kiasi na feni ya ukutani ikashika kasi ambayo sijawahi kuiona. Kompyuta ikaanza kujiwasha, na kabla sijafika kwenye prizi nikasikia "pwaa!" kwa nyuma, moshi kidogo, harufu ya plastiki. Chaja ya simu nayo ikaenda. Fotokopi ilikuwa imechomolewa, hiyo ikapona, Mungu asifiwe.

Fundi akaniuzia alimantasyo nyingine (kile kisanduku cha umeme chenye feni yake, kinachokaa nyuma ya kasha), ya mtumba, akaifunga. Sasa ukibonyeza kitufe feni zinashtuka, zinazunguka kidogo mno, kimya. Ukibonyeza tena, hakuna kitu kabisa. Akaniambia alimantasyo ni nzima ila madabodi imekufa, nitafute mashine nyingine, na kwa bahati anayo moja ya kuniuzia.

Humo ndani kuna TFC za wanafunzi wanaotetea mwisho wa mwezi. Wengine hawana nakala nyingine popote. Nisaidieni kabla sijatoa feza.

Kijana_Himbi

Mama, nunua laptopu tu. Kuranti ikienda, betri inabaki.

Sekretaria_Katindo

Aksanti kijana wangu. Utakuja kuilipa lini?

FundiNdosho

Dada, pole sana. Feza iache mfukoni kwanza.

Huyo fundi amekimbilia jibu. Madabodi inaweza kuwa imekufa, sikatai, lakini dalili unayoieleza haimpi mtu haki ya kusema hivyo. Alimantasyo ikishtua feni halafu ikajikata yenyewe, maana yake imeona mahali fulani umeme unapita bila kizuizi, shoti, ikakataa kuulisha. Shoti hiyo inaweza kuwa kwenye madabodi, inaweza kuwa kwenye diski, kwenye kile kisomea DVD, hata kwenye tundu la USB la mbele lililopinda pini. Vyote vinakula kutoka chungu kimoja.

Nijibu haya. Ukichomeka ukutani tu, kabla ya kubonyeza chochote, kuna kataa (taa ndogo) kanawaka kwenye madabodi? Mashine ikishagoma, ukichomoa waya ukutani ukangoja kidogo ukarudisha, feni zinashtuka tena? Na ile plagi ndogo ya pini nne karibu na prosesa, waya mbili za njano na mbili nyeusi, fundi aliichomeka? Wengi wanaweka plagi kubwa ya pini 24 wanaisahau hiyo. Ingawa kwako sidhani, kwa sababu mtu akiisahau hiyo, mara nyingi feni zinazunguka bila kukoma na skrini inabaki nyeusi.

Kuhusu taa kung'aa: waulize majirani kama kwao siku hiyo taa zilififia wakati zako ziking'aa. Kama ndivyo, waya wa nyutro (ule wa kurudishia umeme) ulikatika au ulilegea mahali kwenye mtaa. Hapo nyumba zinaanza kugawana zile volti 380 zilizo kati ya fezi na fezi (waya zinazoleta umeme), na mgawanyo haufuati haki: mwenye mzigo mdogo anapata volti nyingi, mwenye mzigo mkubwa anapata chache. Wewe ulikuwa na taa, feni na kompyuta, jirani labda alikuwa na pasi na jiko. Hesabu ndiyo hiyo.

Sekretaria_Katindo

Yaya, umenishangaza. Jirani wa saluni alilalamika kwamba mashine yake ya kukausha nywele ilikuwa inavuta kinyonge na taa zake zimekuwa nyekundu. Tulidhani ni mambo mawili tofauti.

Majibu: kataa ka kijani kanawaka, ndiyo. Nikichomoa nikangoja, feni zinashtuka tena mara moja halafu kimya. Plagi ya pini nne imechomekwa, nimepiga tochi nimeiona.

Bob_Birere

Mnamzungusha mama bure. Afungue ile alimantasyo ya zamani, ndani kuna fyuzi ya kioo, imekatika tu. Aunge kiwaya chembamba cha shaba, itawaka. Mimi nafanya hivyo kila siku hapa sokoni.

FundiNdosho

Bob, hapana. Dada, hilo usilifanye, na mtu yeyote asikufanyie.

Fyuzi ndani ya alimantasyo haikatiki kwa uzee. Ikikatika, karibu kila mara kuna kitu nyuma yake kimeshakuwa shoti: ile varista ya kunyonya umeme uliozidi, dayodi za kunyoosha umeme, au transista kubwa ya kukatakata. Ukiunga waya wa shaba, kinachofuata kulipuka ni kingine chochote kilichobaki, pamoja na uso wako. Halafu kuna zile kondensa (vitunza umeme) kubwa mbili. Volti 220 za ukutani zikishanyooshwa zinakaa humo zikiwa kama 311 za DC, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa. Wapo watu wanaojua kuzimaliza taratibu kabla ya kugusa. Anayesema "unga waya tu" simhesabu humo.

Tena alimantasyo iliyolipuka hivyo haifai kurudishwa kwenye mashine ya kazi. Itoe feni yake ukipenda, iliyobaki tupa.

Bob_Birere

Vijana wa sasa waoga.

Elektro_Kadutu

Niko Bukavu, nimekuwa nikisoma kimya. Nakubaliana na wa Ndosho. Niongeze namna ya kuithibitisha hiyo alimantasyo ya mtumba, maana mpaka sasa tunamwamini aliyeiuza.

Zima kila kitu, chomoa ukutani. Toa plagi zake zote kwenye madabodi na kwenye diski. Iachie kisomea DVD peke yake kiwe mzigo, alimantasyo nyingine za zamani hazipendi kuwaka bila mzigo wowote. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 tafuta waya wa kijani, upo mmoja tu. Kunja klipu ya karatasi, upande mmoja kwenye tundu la kijani, mwingine kwenye tundu la weusi wowote. Ndipo uchomeke ukutani na kuwasha swichi ya nyuma. Feni ikizunguka, imeitika. Klipu ikae kabla umeme haujaingia, usifanye kinyume.

Lakini feni kuzunguka si ushahidi. Azima multimeta (kipima umeme). Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye rangi moja moja:

njano, volti 12, ikubali kati ya 11.4 na 12.6
nyekundu, volti 5, kati ya 4.75 na 5.25
chungwa, volti 3.3, kati ya 3.14 na 3.46
zambarau, volti 5, na huu unatakiwa uwe hai hata kabla ya klipu, mradi ukuta una umeme
kijivu, karibu 5, huu ndio unaoiambia madabodi "niko tayari"

Njano ikizidi 12.6, usiirudishe kwenye mashine hata kidogo. Iliyo chini inakukatalia kuwaka, iliyo juu inaua vilivyobaki.

Na usomage kibandiko. Kisanduku chepesi kilichoandikwa wati 500 usikisadiki. Angalia mstari wa volti 12 una ampea ngapi. Ukikuta 14, zidisha: 12 mara 14 ni wati 168, na huo ndio mstari unaolisha prosesa na mota ya diski. Kwa mashine ya ofisi isiyo na kadi ya picha zinatosha, maana yenyewe mara chache inapita wati 100. Ila zile 500 ni za kibandiko.

Sekretaria_Katindo

Multimeta nimeipata kwa jamaa anayefunga sola jirani, na mdogo wangu ndiye aliyeshika ncha, mimi nikisoma kwa sauti. Mtumba wangu: njano 12.1, nyekundu 5.06, chungwa 3.3, zambarau 5.0. Kijivu 4.9.

Tukaijaribu na ya zamani kwa waya wa zambarau tu, bila klipu. Sifuri.

Elektro_Kadutu

Basi aliyekuuzia hakukudanganya kwenye alimantasyo. Kwenye madabodi tutaona.

FundiNdosho

Safi. Sasa tunavua mashine nguo zote.

Chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kidogo ili kilichobaki kiishe. Toa waya za diski, za DVD, zile plagi za USB na sauti zinazotoka mbele ya kasha. Toa RAM zote mbili. Ibaki madabodi, prosesa na feni yake, plagi ya 24, plagi ya 4, na waya wa kitufe. Kama kasha lako lina kale kaspika kadogo ka kulia, hakikisha kamechomekwa, ni ka maana sana leo.

Mdogo wako aitumie ile multimeta kwanza kwenye upande wa ohm (wa kupima ukinzani). Plagi ya pini nne ikiwa imetolewa, apime kwenye tundu la madabodi kati ya pini ya njano na ya nyeusi. Ikisoma sifuri au karibu na hapo, transista za kulisha prosesa zimekuwa shoti, na fundi wako alikuwa sahihi kwa bahati. Ikipanda taratibu ikakaa juu, endelea.

Washa. Ikijikata tena ikiwa tupu namna hiyo, tatizo liko kwenye madabodi au prosesa. Ikikaa inazunguka na kaspika kakapiga kelele mfululizo, furahi: inalilia RAM, na kilio hicho kinatoka kwenye programu ya BIOS (ile ya kwanza kuamka mashine ikiwashwa) inayoendeshwa na prosesa yenyewe. Maiti hailalamiki.

Halafu rudisha kimoja kimoja, ukichomoa ukutani kila mara kabla ya kugusa. RAM moja. Ya pili. USB za mbele. DVD. Diski ya mwisho.

Tata_Lubum

Miye niko Lubumbashi, Katuba. Huku kwetu niliona ingine ya kuchekesha. Jamaa alinunua mashine iliyotoka Marekani, akaichomeka, ikapiga bomu papo hapo. Akasema wamemwuzia kitu kibovu. Kuangalia nyuma, kale kaswichi kekundu karibu na waya wa umeme kalikuwa kamewekwa 115. Kwetu ni 220. Alimantasyo za zamani ziko na hako kaswichi, za leo nyingi zinapokea kuanzia 100 mpaka 240 zenyewe. Wenye kununua mitumba, angalieni kwanza pale nyuma.

Sekretaria_Katindo

Asante tata, yangu haina kaswichi, imeandikwa 100-240.

Sasa habari yenyewe. Ohm haikuwa sifuri. Tukawasha ikiwa tupu: FENI ZIKAKAA. Kaspika kakalia mpaka mteja aliyekuwa nje akauliza kuna nini. Tukaweka RAM moja, skrini ikaja! Ikaandika kwamba haioni pa kuanzia, na saa imerudi mwaka ambao hata sikuwa na duka. Tukaweka RAM ya pili, sawa. USB, sawa. DVD, sawa.

Tukachomeka diski. Feni zikashtuka, kimya. Tukatoa diski, inawaka. Tukairudisha, kimya.

Yaya, nimefurahi kwa dakika mbili tu. Afadhali ingekufa madabodi.

Kijana_Himbi

Mama diski ndiyo hiyo imekwenda. Pole kwa wanafunzi.

Mwalimu_Kyeshero

Mimi niliwahi kusikia kwamba unanunua diski inayofanana nayo kabisa, unahamisha ule ubao wa kijani wa chini, data zinarudi.

FundiNdosho

Mwalimu, hilo lilikuwa linakubali kwenye diski za zamani sana. Kwenye hizi za sasa, juu ya huo ubao kuna kichipu cha miguu minane kinachotunza vipimo vya diski hiyo moja tu, vilivyoandikwa kiwandani. Ukihamisha ubao bila kuhamisha kichipu, diski inazunguka, inagonga "tak tak", haisomi, na ukiing'ang'aniza unaweza kuharibu vichwa. Tusifike huko bado.

Dada, usilie. Diski inayozima alimantasyo nzima kwa kuchomekwa tu ina habari nzuri ndani yake. Kwenye ubao wa diski, karibu kabisa na pale plagi ya umeme inapoingia, kuna dayodi mbili za ulinzi, moja ya volti 12 na moja ya volti 5. Diski kubwa za mezani zinatumia 12 kwa mota na 5 kwa ubongo (zile ndogo za laptopu zinakula 5 tu). Siku za kawaida dayodi hizo hazifanyi chochote. Alimantasyo ikichanganyikiwa wakati inakufa ikatapika volti nyingi, dayodi inajifungua, inaupeleka umeme wote chini ili usiingie ndani, na kama ulikuwa mwingi mno inaungua ikiwa imefunguka hivyo hivyo. Ni mlinzi aliyefia mlangoni, na mwili wake ndio unaoziba mlango: umeme wowote unaokuja baadaye unaona shoti, alimantasyo inajikata. Mara nyingi waliokuwa ndani ya nyumba wako hai.

Na kumbuka uliniambia mashine ilikuwa imeanza kujiwasha. Ingekuwa imezimwa, mistari ya 12 na ya 5 ya diski isingekuwa na kitu, umeme wa kusubiri wa ule waya wa zambarau hauifikii diski. Ile mipangilio ya kujiwasha yenyewe ndiyo iliyoipeleka diski kwenye ajali.

Namna ya kuhakikisha: diski ikiwa mezani, haijachomekwa popote, multimeta kwenye ohm. Dayodi hizo ni vile vijiwe vyeusi vyenye mstari upande mmoja, vikubwa kuliko vitu vingine vya hapo pembeni. Pima ncha mbili za kila kimoja, kisha geuza ncha upime tena. Kinachosoma sifuri pande zote mbili kimeungua.

Elektro_Kadutu

Hapo ndipo penyewe. Kama kimoja ni sifuri na kingine si sifuri, unaondoa kile kibovu tu. Diski itawaka bila mlinzi, kwa hiyo unaitumia mara moja, kuhamisha data, kwenye alimantasyo ambayo umeipima kwa macho yako. Baada ya hapo diski inastaafu, hata kama inaonekana nzima.

Kama vyote viwili vinasoma vizuri, simama, shoti iko ndani zaidi, na hiyo ni kazi ya mtu wa kuokoa data.

Mwalimu_Kyeshero

Anaondoaje? Kwa koleo?

FundiNdosho

Asithubutu koleo, atang'oa na njia za shaba. Ampelekee fundi wa simu mwenye ile mashine ya hewa ya moto. Hao kila siku wanatoa vitu vidogo kuliko hivyo. Ila amsimamie: ubao utolewe kwanza kwenye diski, skrubu zake ni za kichwa cha nyota, na hewa ya moto isipulizwe diski ikiwa chini yake. Na amwambie "toa hiki tu", amwonyeshe kwa kidole. Ukimwachia fundi wa simu diski na kumwambia "tengeneza", utarudi ukute amepasha moto kila kitu. Kifuniko chenyewe cha diski kisifunguliwe kwa sababu yoyote, vumbi letu hili jeusi la volkano likiingia humo basi.

Sekretaria_Katindo

Nimepima. Kimoja sifuri pande zote. Kingine upande mmoja kinasoma, upande wa pili hakisomi. Naenda Birere asubuhi.

Bob_Birere

Ukija Birere uniulize, naonyesha fundi mzuri wa hewa ya moto. Sisemi unga waya safari hii.

Sekretaria_Katindo

Narudi na jibu, samahani kwa kunyamaza, nilikuwa na kazi ya kunakili.

Bob alinipeleka kwa kijana mmoja ambaye kibanda chake hakizidi meza mbili, simu zimening'inia kote. Alipoona diski akacheka, akasema hajawahi kufanya diski ila hicho kidayodi anakifahamu, kwenye chaja wanavyo. Skrubu zikatoka, ubao ukatoka, akakipuliza, kikaruka kama hakikuwahi kukaa pale. Akapima pale kilipokuwa: sifuri imeondoka. Alichukua dola 3 na akakataa kuongezewa.

Nyumbani nikaichomeka na mikono inatetemeka. Mashine ikawaka, diski ikanguruma, Windows ikaja na ule ukurasa wangu wa mbele wenye mafaili yote yametapakaa. Sikufungua hata moja. Nilianza kunakili TFC kwenye diski ya nje, halafu barua za wateja, halafu vitu vyangu. Zote zimepita isipokuwa folda moja ya picha za harusi ambayo iligoma katikati, nikaiacha.

Yule fundi wa kwanza amenipigia kuuliza kama nachukua mashine yake. Nimemwambia yangu inawaka. Akanyamaza, akauliza ilikuwa nini. Nimemtumia uzi huu.

FundiNdosho

Hongera dada. Ulifanya vizuri kuanza na TFC.

Sasa weka diski mpya, na betri mpya ya madabodi, CR2032, ile ya duara ya volti 3. Saa kurudi miaka ya nyuma ni betri ya zamani imechoka. Ingia BIOS, sehemu ya umeme, ile mipangilio ya kinachotokea umeme ukirudi uiweke ibaki imezimwa. Utatembea hatua tatu kila asubuhi kubonyeza kitufe, hakuna shida.

Mwalimu_Kyeshero

Na kuzuia je? Hapa kwangu nina ile rallonge (waya wa kurefushia prizi) yenye kitufe chekundu, imeandikwa inalinda.

Elektro_Kadutu

Mwalimu, hiyo inakula miruko mifupi, sehemu ndogo ya sekunde, ya radi iliyopiga mbali na kadhalika. Nyutro ikikatika, volti 300 na zaidi zinakaa dakika nzima, kile cha ndani kinaungua na kinachofuata ni kompyuta. Kwa shida ya dada unahitaji kile kifaa cha kukata volti zikizidi, wanaokiweka kwenye friji: kikiona volti zimepita kiwango kinakata, zikitulia kinangoja dakika chache ndipo kinarudisha. Hiyo kungoja pia ni dawa, maana kuranti ikirudi huwa inayumba mwanzoni.

Stabilizateri ya kawaida inasaidia pale kuranti inaposhuka hadi 170 au kupanda kidogo. Ikipewa 350 nayo inakufa. Ondileri (kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) ni nzuri kwa kupata muda wa kuhifadhi kazi, ila za bei nafuu zinatoa umeme wa mawimbi ya ngazi, na alimantasyo za kisasa nyingine hazipatani nao, mashine inazima wakati wa kubadilisha. Ijaribu dukani na mashine yako kabla ya kulipa.

Kijana_Himbi

Na waya wa ardhini?

FundiNdosho

Goma hiyo ni hadithi ndefu. Piga fimbo ya shaba kwenye udongo mzuri, unapata ardhi. Piga kwenye mawe ya volkano ya 2002, kwanza haiingii, ikiingia jiwe kavu halipitishi kitu. Nyumba nyingi katikati ya mji prizi zina pini ya tatu isiyokwenda popote. Wanaojenga upya wachimbe shimo, wajaze udongo wa kuletwa unaoshika maji, ndipo waweke fimbo. Kwa waliokwisha jenga, angalau msiguse kasha la kompyuta la chuma miguu ikiwa mitupu kwenye sakafu yenye maji, ile miwasho mnayoisikia vidoleni ni umeme uliokosa pa kwenda.

Amani_Virunga

Samahani kuingilia uzi wa mama. Mimi nina Dell OptiPlex 7020, nayo imezima baada ya kuranti. Nimefungua nitafute waya wa kijani kama mlivyosema, plagi kubwa ya pini 24 haipo! Kuna ya pini 8 tu. Nina alimantasyo ya kawaida nyumbani, nikate waya niunge rangi kwa rangi?

Elektro_Kadutu

Usikate. Hizo Dell zina plagi yao wenyewe, na mpangilio wa waya si ule wa kawaida, inalisha volti 12 na madabodi inajitengenezea nyingine ndani. Ukiunga kwa kubahatisha utapata uzi wako mwenyewe humu.

Nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapoingia, kuna kitufe kidogo na kataa pembeni yake. Chomoa plagi zote za alimantasyo kwenye madabodi, waya wa ukutani uache, bonyeza hicho kitufe. Kataa kakiwaka kijani, alimantasyo ni nzima, rudi juu usome kuhusu kuvua vitu kimoja kimoja. Kasipowaka, tafuta alimantasyo ya OptiPlex hiyo hiyo, au ile kebo ya kubadilisha kutoka pini 24 kwenda 8 iliyotengenezwa kwa Dell. Huku Bukavu kebo hizo zinaagizwa, sijui Birere.

Bob_Birere

Zipo. Aje na plagi yake tulinganishe kwanza.